Nusu siku na mwongozaji katikati ya Nairobi

Mwongozaji tuliyemkodi, mimi na shemeji yangu, alianzia mahali panapofaa: Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 lililo kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ambalo zamani lilikuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Humo ndimo vizazi, ndoa na vifo vilimoandikishwa, na leo mna sehemu ya mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya. Hapo kijana alieleza bila haraka, na maswali yetu aliyajibu yote.

Haraka ilimshika tulipofika kwenye sanamu tatu za shaba za Kenyatta Avenue, zilizosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliotumikia Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na maneno yenyewe, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanamwahidi mpiganaji kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Ila majina ya waliokufa hayamo. Tulipewa dakika mbili tu, tena bila kuambiwa kwamba ile Carrier Corps ya wapagazi ndiyo iliyozaa majina ya mitaa ya Kariokor ya hapa na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kwa msomaji wa Kiswahili, hapo ndipo palipostahili nusu saa.

Kwa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyepigana na Waingereza, alijirekebisha. Sanamu hiyo ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Waingereza walipomnyonga, na mtu akitoka moja kwa moja kwa wale askari wa mfalme, haachi kuwalinganisha.

Kisha tukapanda KICC, jumba la mikutano la ghorofa 28 lililokamilika mwaka 1973 kwa michoro ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso. Kutoka juu mnara wa saa wa Bunge unaonekana vizuri, lakini karibu saa nzima iliishia kwenye picha.

Ningemkodi tena, kwa sharti la kupatana muda wa kila kituo kabla ya kulipa. Mwananchi abebe kitambulisho, kwa kuwa kiingilio chake ni nafuu kuliko cha mgeni. Sanamu ya Tom Mboya, waziri aliyeuawa mwaka 1969, iliyo Moi Avenue karibu na mahali alipouawa, haikuwamo katika ratiba. Tuliiendea wenyewe jioni.