Adili na Nduguze: nimekinunua tena, safari hii nimemsomea mtoto

Nianze na jibu kwa wanaouliza kama Adili na Nduguze cha Shaaban Robert bado kinafaa kununuliwa. Kinafaa, tena sana, ila kisomwe kwa sauti. Ukimkabidhi mtoto wa darasa la tano akakisome peke yake, huenda akakiweka chini kabla hajafika kwenye utamu wenyewe. Mkae naye, msome pamoja, na hatakuacha ulale.

Mimi nilikisikia kabla sijakisoma. Shuleni kwetu, wilayani Kongwa, nakala ilikuwa moja kwa darasa zima, jalada lilishatoka zamani na mwalimu alikuwa ameushona mgongo wake kwa uzi wa gunia. Alitusomea kipindi cha mwisho, bati limepata moto, tumebanana watatu watatu kwenye dawati, na hakuna aliyesinzia. Akifika panaponoga anakifunga, anasema tutaendelea kesho. Wapo walioacha utoro kwa sababu ya hadithi ile tu.

Kwa ambaye hajakisoma: Adili ni mtawala wa Janibu chini ya Mfalme Rai wa Ughaibuni. Mjumbe wa mfalme, Ikibali, anafika kufuata kodi iliyochelewa. Usiku anamwona mwenyeji wake, mtu mpole kupita kiasi, akichukua kiboko na kuwachapa manyani wawili, kisha akawabembeleza kwa huzuni. Manyani wale ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu. Aliwagawia mali walipofilisika, akasafiri nao, nao wakamtosa baharini kwa wivu. Jini Huria ndiye aliyewageuza, na ndiye aliyeamuru wachapwe kila usiku. Kati ya hayo kuna mji ambao watu wake wote wamekuwa mawe, na humo Adili anamkuta binti aitwaye Mwelekevu. Mwisho sitausema.

Mwaka huu mtoto wa dada yangu amekuja kuishi nasi hapa mjini Dodoma, nikaona wakati umefika. Kukipata kulikuwa na kazi kidogo. Duka la kwanza nililoingia, nikiuliza hadithi naonyeshwa maswali na majibu ya mitihani ya darasa la saba. Sikuwalaumu, wanauza kinachotoka, lakini iliniuma kuona rafu nzima haina kitabu hata kimoja ambacho mtoto angekisoma kwa kupenda. Duka la pili nikakipata, bei haikufika elfu kumi. Nakala niliyouziwa imechapwa kwa wino hafifu, na gundi ni dhaifu. Kurasa za katikati ziliachia hata hatujafika nusu, ikabidi niipeleke kwa wapiga fotokopi waibane upya na kuitia jalada gumu. Kitabu kama hiki kinastahili karatasi nzuri zaidi, na ningelipa zaidi kwa moyo mweupe.

Tulisoma baada ya chakula cha usiku. Mwanzo unakwenda taratibu, mfalme anasifiwa kwa kirefu, na Kiswahili ni kile kilichopangwa kwa uangalifu, sentensi moja inabeba mengi. Mtoto alianza kuchezea vidole. Hapo nikagundua siri ya mwalimu wetu: hakuwa akikimbia. Alitua kila penye koma, na neno gumu alilirudia kwa maneno yake bila kusimamisha hadithi. Nikafanya hivyo hivyo. Tulipofika kwenye kiboko, mtoto alinyanyuka kwenye mkeka. "Mama mdogo, si awaache tu? Kwani huyo jini anamwona?" Sikumjibu, nikaendelea kusoma, maana swali lake ndilo linaloiendesha hadithi yote iliyobaki. Mfalme akimkataza kuchapa na jini ameamuru achape, amtii nani?

Bibi yake naye, ambaye nyumbani huongea Kigogo zaidi ya Kiswahili, alikuwa anajifanya anachambua mchicha. Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kuuliza kama yule aliyetoswa baharini ameokoka.

Nilichokigundua ukubwani ni kwamba mwandishi huyu aliwahi kuishi mkoani kwetu, na shuleni hakuna aliyetuambia. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, Tanga, mwaka 1909, akawa karani wa serikali ya kikoloni, kwanza forodhani. Katika miaka ya 1940 alihamishiwa Mpwapwa, kwenye idara ya mifugo, kabla ya kurudi Tanga. Adili na Nduguze kilitoka mwaka 1952, na mwenyewe alifariki 1962. Kitabu chake Maisha Yangu kinaeleza habari za maisha yake, na humo zimo tenzi alizowatungia wanawe, mmoja kwa binti na mwingine kwa mwana. Nilipozisoma nilielewa kwa nini Adili na Nduguze kinasikika kama kimeandikwa na mzazi. Kisa chenyewe kina asili yake katika Alfu Lela Ulela, lakini huruma ile anayowaonea hata waliomtosa, naamini ni ya Shaaban Robert.

Natamani mtoto wa Mpwapwa anayepita kwenye kituo cha mifugo ajue nani alifanya kazi mjini kwake. Natamani ajue akiwa mdogo, si kama mimi.

Kwa anayetaka kununua: darasa la tano na kuendelea ni umri mzuri. Aliye chini ya hapo msimulie kwanza kisa kwa mdomo, kitabu kifuate. Kabla hujalipa, kifungue katikati, kivute kidogo uone kama kurasa zimeshika. Chenyewe ni chembamba, hamtachukua muda mrefu, na kama mna mzee nyumbani, mwekeeni kiti karibu.