Kapu la Kupikia: Tathmini Baada ya Miezi Mitatu

Kapu nililonunua Nairobi kwa shilingi 2,500 ni la kawaida: limesukwa kwa nyuzi, ndani lina mto mnene wa vitambaa na sponji, na juu lina mto mwingine wa kufunikia. Chakula huchemshwa kwanza kwenye gesi, kisha sufuria huhamishiwa kapuni ikiwa bado inatokota, ikaachwa humo mpaka kiive. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba kapu hili "hutoa joto", maelezo ambayo si sahihi na ambayo yatamfanya mnunuzi mwingine alilaumu kapu kwa kosa lisilo lake.

Kapu halitoi joto hata chembe. Kazi yake ni kulichelewesha lisitoroke. Joto, kwa maana ya fizikia, ni nishati inayohama kutoka penye halijoto ya juu kwenda penye halijoto ya chini. Halijoto ndiyo tunayoisoma kwenye kipimajoto, nayo hutegemea wastani wa nishati ya mwendo wa molekuli, ilhali nishati ya joto iliyomo sufuriani ni jumla ya nishati ya molekuli zote, na kwa hiyo huongezeka kadiri maji yanavyokuwa mengi.

Tofauti hii niliiona nilipojaribu kapu kwa maji matupu. Lita 3 zilizoingia zikiwa na nyuzi 94, ambazo ndizo maji huchemkia huku kwetu kwenye mwinuko, zilikuwa na nyuzi 76 baada ya saa nne. Siku ya pili niliweka nusu lita katika sufuria ileile, nayo ikashuka hadi nyuzi 47. Kilo moja ya maji, yaani lita moja hivi, hupoteza takriban kilojuli 4.2 za nishati kwa kila nyuzi inayoshuka, hivyo maji mengi yalipoteza karibu kilojuli 227 na yale machache 99 tu. Yaani sufuria iliyojaa ndiyo iliyovujisha joto zaidi, mara mbili na ushei, na bado ndiyo iliyobaki moto, kwa kuwa akiba yake ilikuwa kubwa. Ukiigawanya hasara hiyo ya kilojuli 227 kwa saa nne, unapata wati 16 hivi, hasara ambayo kwa mito ya vitambaa ni ndogo.

Kwa githeri ya watu sita, basi, kapu limenifaa sana, na mchele haujawahi kuungua. Kwa maharagwe mekundu ninatoa tahadhari: yana lektini, protini yenye sumu, inayohitaji mchemko mkali wa angalau dakika 10 ili iharibike, na halijoto ya kapuni pekee haitoshi. Wala usifunue funue kuchungulia, maana kila ufunuapo mvuke hutoka na joto lake.

Kasoro ya kapu langu ni mto wa juu, ambao haukazi vizuri ukingoni. Nimeuongezea khanga kuukuu iliyokunjwa. Mito haitoki kwa urahisi ili ifuliwe, na mchuzi ukimwagika harufu hubaki kwa siku kadhaa. Anayeishi peke yake ningemshauri atafute kapu dogo linaloikumbatia sufuria yake ndogo, kwa sababu hili langu, likiwa na kikombe kimoja cha mchele ndani, humpa uji wa vuguvugu.