Huduma ya Kupogoa Mizabibu, Moshi

Mizabibu yetu sita huko Rau ilikuwa imekaa miaka mitatu bila kupogolewa, ikageuka kichaka cha majani chenye punje ndogo, chachu, zilizoshambuliwa na ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe kama unga, kwa sababu hewa haikupita. Fundi niliyemwita alikata kwa ujasiri ulionitia hofu: kila tawi lililokomaa alilibakizia macho, yaani vifundo vinavyochipua, mawili au matatu tu, akieleza kwamba zabibu huzaliwa kwenye machipukizi mapya yanayotoka katika matawi ya msimu uliopita, na kwamba macho yakizidi, mzabibu hulisha vichala vingi visivyoiva vizuri. Kwa siku kadhaa maji yalidondoka kwenye ncha zilizokatwa, tone baada ya tone, nami nikadhani ameiua. Kumbe ni hali ya kawaida.

Baada ya takribani miezi minne tulichuma vichala vichache kuliko nilivyotazamia, lakini punje zake zilikuwa nene, za rangi moja, na tamu kweli kweli. Kasoro niliyoiona, na kwangu si ndogo, ni kwamba hakusafisha mkasi alipohama shina moja hadi jingine, ilhali magonjwa huambukizwa hivyo. Nitamwita tena, nikiwa na spiriti na kitambaa mkononi.