Lenzi ya milimita 50 kwa mzazi mpya

Tangu binti yetu azaliwe, lenzi ya Canon EF 50mm f/1.8 STM, iliyotoka mwaka 2015 na yenye uzito wa gramu 160 hivi, haijabanduka kwenye kamera yangu. Tundu lake pana hupitisha mwanga wa kutosha kumpiga picha mtoto aliyelala kando ya taa hafifu, bila kumshtua kwa flashi. Hata hivyo, haiwezi kulenga kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 35, kwa hiyo vidole vyake hubaki vidogo pichani. Picha zenyewe hupangwa kwa tarehe na programu fupi niliyoiandika usiku kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, mkono mmoja ukibofya na mwingine ukimbembeleza. Mzazi ambaye fedha zake zimehamia kwenye nepi ningemshauri aanze na lenzi hii.