Mafuta ya mwarobaini kwenye bustani ya maua: yanamaliza nini, yanashindwa wapi

Ukiingia duka la pembejeo ukasema maua yako yanaliwa, kuna uwezekano mkubwa utatoka na kichupa cha mafuta ya mwarobaini. Ushauri huo si mbaya. Tatizo ni kwamba muuzaji mara nyingi haulizi yanaliwa na nini, wakati dawa hii ni nzuri sana kwa wadudu fulani na karibu haina maana kwa wengine. Kabla ya kulipa, jua mambo mawili: mdudu uliye naye, na aina ya chupa unayopewa.

Tuanze na chupa, kwa kuwa kinachouzwa kwa jina hilo si kitu kimoja. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye mbegu bila moto ni mazito, yana rangi ya kahawia, na yananuka kama kitunguu saumu kilichooza. Hayo yana azadiraktini, kemikali inayovuruga ukuaji wa mdudu, na mafuta yenyewe humziba pumzi. Yapo pia yaliyosafishwa mpaka yakawa maangavu na karibu hayanuki. Yameondolewa azadiraktini, kwa hiyo kazi yake ni kuziba tu. Kuna dawa za kiwandani ambazo tayari zimetiwa kichanganyishi, yaani kitu kinachofanya mafuta yachanganyike na maji, na lebo inataja kiwango cha azadiraktini: 0.03%, 0.15%, 0.3% au 1%. Na kuna mafuta ya nywele na ngozi, yasiyo na kichanganyishi wala kipimo chochote kwenye lebo. Wengi huyapeleka bustanini, kisha wanailaumu dawa.

Kile kiwango kwenye lebo kina uzito kuliko bei. Mililita 5 za dawa ya 0.03% katika lita moja ya maji zinakupa takriban miligramu 1.5 za azadiraktini. Mililita 3 tu za dawa ya 1% zinakupa kama miligramu 30. Ndiyo maana chupa mbili zenye picha ileile ya jani la mwarobaini zinaweza kuleta matokeo yasiyofanana hata kidogo. Ukikuta chupa isiyotaja kiwango, ihesabu kuwa ni mafuta ya kuziba pumzi, na uitumie hivyo. Hakikisha pia ina namba ya usajili: ya TPHPA kwa Tanzania, ya PCPB kwa Kenya, ambazo ni mamlaka zinazosajili viuatilifu.

Azadiraktini haiangushi mdudu papo hapo. Inamkata hamu ya kula na kuvuruga homoni zinazomwezesha kujivua ngozi, hivyo mdudu mchanga hufa akijaribu kukua na mkubwa hupunguza kutaga. Mwaka 1959 nchini Sudan, mtaalamu wa wadudu Heinrich Schmutterer aliona nzige wakimaliza majani ya kila mti na kuiacha miarobaini imesimama na kijani chake, na hapo ndipo utafiti mkubwa wa mti huu ulipopata nguvu. Kwa mwenye bustani maana yake ni hii: kagua matokeo baada ya siku 3 hadi 7. Anayenyunyiza jioni na kukuta vidukari bado wamekaa asubuhi, kisha akaongeza kipimo mara mbili, ataunguza majani bila sababu.

Kwa vidukari, dawa hii inastahili sifa zote. Utawakuta wamejazana kwenye ncha laini na vitumba vya waridi, wa kijani au weusi, majani yakinata kwa utomvu mtamu, sisimizi wakipanda na kushuka. Utomvu huo ukiachwa, juu yake huota ukungu mweusi. Waoshe kwanza kwa maji ya mpira yenye nguvu, acha majani yakauke, kisha nyunyiza. Zuia na sisimizi, kwani huwalinda vidukari dhidi ya bibiarusi, yule mbawakawa mwekundu mwenye madoa, ili waendelee kupata utomvu. Inzi weupe, wale wanaoruka kama vumbi ukitikisa haibiskasi au lantana, nao hupungua vizuri, mradi dawa ifike chini ya majani waliko wachanga wasioweza kuruka.

Kwa utitiri mwekundu matokeo ni ya wastani. Dalili yake ni vidoa vidogo vya rangi iliyopauka upande wa juu wa jani, halafu jani zima linakuwa kama shaba, na chini yake kuna utando mwembamba. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe: ukiona vinukta vinatembea, ndiye. Hushamiri kiangazi, kwenye vumbi na kwenye waridi lililopandwa kando ya ukuta unaopiga joto. Joto likikaribia nyuzi 30 anamaliza mzunguko wa maisha kwa takriban wiki moja, kwa hiyo kunyunyiza mara moja na kuacha ni kupoteza dawa. Mayai hayafi yote. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara tatu, na katikati osha majani kwa maji upande wa chini, maana unyevu anauchukia. Kama utando umeshafunga matawi, kata, weka kwenye mfuko na uondoe bustanini. Mafuta hayapenyi utando huo. Mashamba ya waridi ya Naivasha hutumia utitiri mlaji, Phytoseiulus persimilis, anayewala hawa. Ukiwa na bustani kubwa na njia ya kuwapata, watakufaa kuliko chupa yoyote.

Vithiripi ndio wanaoiumbua dawa hii. Ni wembamba, urefu wa milimita 1 hadi 2, rangi ya njano au kahawia. Kitumba cha waridi kinakataa kufunguka, au kinafunguka kikiwa na kingo za kahawia, na petali zina michirizi ya fedha yenye vinukta vyeusi vya kinyesi. Chukua ua moja, lipasue petali kwa petali juu ya karatasi nyeupe, nao watakimbia kutoka ndani kabisa, karibu na kikonyo. Hapo ndipo penye shida: mafuta yanagusa petali za nje tu, mdudu yuko ndani, na baadaye hushuka kukamilisha ukuaji wake kwenye udongo. Dhidi yao, mkasi una kazi kuliko bomba. Kata maua yote yaliyoharibika na yaliyozeeka, usiyaache chini wala kuyatia kwenye mboji, ning'iniza karatasi za gundi za buluu kwenye usawa wa maua, kisha dawa itumike kulinda machipukizi na vitumba vichanga. Anayekuuzia mafuta ya mwarobaini kama tiba kamili ya vithiripi anakudanganya.

Wadudu wengine, wale wenye unga mweupe kama pamba, wanaojificha kwenye maungio ya haibiskasi na adeniumu, wana nta inayokinga dawa. Wafute kwanza kwa pamba iliyoloweshwa spiriti ya 70%, ndipo unyunyize kwa ajili ya wachanga ambao nta yao haijakomaa. Viwavi vya mayungiyungi, vyeusi vyenye pingu za njano, viokote kwa mkono. Kwa konokono, usiutegemee mwarobaini.

Kuchanganya ndiko kunakoharibu dawa nzuri. Kwa mafuta yasiyo na kichanganyishi, pima mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa lita moja. Kwenye baridi ya Julai ya Nairobi au Arusha mafuta huganda. Isimamishe chupa kwenye maji ya uvuguvugu, usiiweke jikoni, kwani moto huharibu azadiraktini. Koroga kwanza mililita 1 hadi 2 za sabuni laini ya maji kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, ndipo udondoshe mafuta taratibu huku ukikoroga mpaka rangi iwe ya maziwa, kisha ujaze maji. Ukiona duara za mafuta zinaelea, haijachanganyika: utanyunyiza maji matupu mwanzoni na mafuta makali mwishoni, na shina la mwisho ndilo litakaloungua. Usitumie sabuni ya unga wala ya mche. Maji ya kisima yenye magadi, kama ya sehemu nyingi za Arusha, huimaliza azadiraktini haraka. Maji ya mvua ni bora. Tikisa bomba kila dakika chache, na yote yaishe ndani ya saa 8. Dawa ya kiwandani yenye kichanganyishi haihitaji sabuni. Fuata lebo yake.

Nyunyiza jioni, nyuki wakisharudi, kwa sababu jua huivunja azadiraktini upesi. Anzia chini ya majani mpaka yaanze kudondosha. Epuka maua yaliyofunguka, maana mafuta huacha madoa kwenye petali. Jaribu tawi moja na usubiri siku mbili, hasa kwa kangaga (fern) na mimea ya majani laini. Mmea wenye kiu umwagilie siku moja kabla. Joto likipita nyuzi 32 ahirisha, na kama ulipiga salfa kwa ajili ya ukungu acha wiki mbili zipite, la sivyo majani yatababuka.

Ukiwa na miarobaini jirani, kuna njia ya bei nafuu ambayo kwa maua mengi ni nzuri kuliko mafuta ya dukani yasiyo na kipimo. Ponda gramu 50 za kokwa kavu zisizo na ukungu, loweka katika lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tumia siku hiyohiyo. Azadiraktini nyingi iko kwenye kokwa kuliko kwenye majani, na maji haya hayana mafuta mengi ya kuunguza.

Mabaki usiyamwage kwenye bwawa la samaki. Chupa ikae gizani, mahali pa baridi, mbali na watoto: mafuta haya yamewahi kusababisha degedege kwa watoto wachanga walionyweshwa kama dawa, hata kwa kiasi kidogo.