Mifumo ya habari kama somo dogo: inafaa, lakini chunguza ratiba

Kwa anayesoma uhasibu, ununuzi au biashara Uganda, somo dogo (minor, la kando ya somo kuu) la mifumo ya habari na teknolojia lina faida, mradi hifadhidata (database, data iliyopangwa kwenye majedwali) imo na inafundishwa kwa vitendo. Bila hiyo utabaki na nadharia, na Excel uliyokwisha kuijua.

Hifadhidata ndiyo kiini. Chukua duka la vifaa vya ujenzi linaloandika jina na simu ya mteja kwenye kila mauzo. Mteja akibadilisha namba, mstari mmoja unarekebishwa, mingine inabaki na ya zamani. Ripoti ya madeni inamwonyesha kama watu wawili. Dawa yake ni kutenga jedwali la wateja na la mauzo, kisha kuyaunganisha kwa namba ya mteja. Asiyeweza kufanya hivi mwishoni mwa muhula hajafundishwa.

Uchambuzi wa mifumo nao ni mzuri, hasa ukitumia mfano wa hapa: ankara za EFRIS, mfumo wa ankara na risiti za kielektroniki wa URA (mamlaka ya mapato Uganda), tangu bidhaa kusajiliwa hadi risiti yenye msimbo wa QR. Mitandao? Misingi inatosha.

Kabla ya kujisajili, hesabu saa. Somo la uniti 3 (credit units, kipimo cha uzito wa somo) ni saa 45 za darasani, ila saa mbili za maabara huhesabiwa kama moja, kwa hiyo ratiba hujaa haraka na kugongana na somo kuu. Muulize msajili pia kama somo dogo litaandikwa kwenye transkripti. Kwingine halionekani kabisa.