Lumi: andalio langu, faili langu

Maandalio yangu ya sayansi ya miaka mitatu yaliwahi kufungiwa kwenye jukwaa moja la kulipia. Ada ilipokwisha, nikabaki natazama vichwa vya masomo tu. Kufungua siwezi, kupakua siwezi. Tangu hapo, nikionyeshwa chombo kipya cha walimu, nauliza kwanza: kazi yangu inatokaje humu?

Lumi ilinijibu vizuri. Ni programu ya bure unayoiweka kwenye kompyuta na kutungia mazoezi ya H5P, teknolojia huria ya mazoezi yanayojibiwa kwenye skrini, iliyoanzia Norwei mwaka 2013. Ukimaliza unapata faili moja la .h5p, ambalo kumbe ni zip tu, yaani furushi la mafaili yaliyobanwa pamoja: libadilishe jina liishie .zip, lifungue, utakuta maneno na picha zako zote zimo. Mwalimu mwenzako ukimpa, halichezi tu, analirekebisha apendavyo. Moodle, jukwaa la masomo ya mtandaoni, nayo inalipokea.

Ninalolipenda zaidi ni zoezi la kujaza nafasi. Unaandika sentensi yako kama kawaida, halafu neno la kufichwa unaliwekea vinyota huku na huku:

Maji yakipata joto hugeuka kuwa *mvuke/mvuke wa maji:Hauonekani kwa macho*.

Mkwaju unaruhusu jibu la pili, nukta mbili zinaleta dokezo. Basi, umemaliza! Dokezo hilo niliongeza baada ya nusu ya darasa kuniandikia "moshi".

Kwa wanafunzi wasio na intaneti, unatoa zoezi kama ukurasa mmoja wa HTML, wanaufungua kwenye kivinjari hivyo hivyo. Ukitia video unakuwa mzito mno, mimi naishia kwenye picha. Ila kila aina ya zoezi hupakuliwa mara ya kwanza kwa intaneti, kwa hiyo usingoje asubuhi ya kipindi.

Andalio lenyewe halikai humu. Hakuna pa kuandika malengo, muda wala tathmini. Hayo nayaandika kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, kisha natuma vyote kwenye folda moja.

Na sehemu ya leseni usiiruke. Mimi huweka CC BY-SA, moja ya leseni huria za Creative Commons, mtu abadilishe na kusambaza mradi anitaje na aiache chini ya leseni hiyohiyo. Mwenzangu mmoja aliweka yenye ND (NoDerivatives), isiyoruhusu kusambaza kazi iliyobadilishwa. Nimeshamaliza kutafsiri zoezi lake zima ndipo naona siruhusiwi kulisambaza. Nikampigia. Akaniapia alidhani ND ni "ndiyo".